Udongo Umekataa

Mama Akiba aliuchomeka upawa katikati ya pipa, akauachia, akangoja ulale. Haukulala. Ulisimama wima, na uji wa udongo ukaukamata pande zote kama maziwa yaliyoganda. Akautikisa kwa hasira. Uji ukalegea kidogo, ukazunguka kidogo, halafu ukaganda tena palepale huku anautazama.

"Umekataa tena," alisema.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi tu, alikuwa amechuchumaa mlangoni mwa karakana akikwangua birika bichi kwa kisu kidogo. Hakuinua uso. "Ongeza magadi."

"Nimeongeza."

"Ongeza maji basi."

"Nikiongeza maji, mabirika yatapasuka yakikauka, kama yale ya juzi. Na ni wewe uliyesema nisiongeze."

"Sasa unaniuliza nini, kama majibu yote unayo?"

Hakuwa amemwuliza kitu. Alikuwa ametoa taarifa tu, kama mtu anayesema mvua inanyesha, naye akajibiwa kana kwamba mvua ni yake. Alifyonza, akashika mwiko mrefu wa kukorogea, akaanza upya.

Nyumba hiyo ilikula kwa udongo. Unga wa udongo mweupe ulikorogwa na maji ndani ya pipa, ukatiwa magadi kidogo tu, na hapo ndipo ilipoonekana ajabu yake: kitu kilichokuwa kizito kama tope kilianza kuteleza kama uji mwepesi bila kuongezwa hata tone la maji. Uji huo ulimiminwa ndani ya kalibu za plasta. Plasta ilikunywa maji, udongo ukajibandika kwenye kuta za kalibu, uji uliobaki ukarudishwa pipani, na ndani ya kalibu pakabaki kikombe au birika, jembamba, lenye mdomo ulio wazi. Yote yalitegemea jambo moja, uji utembee. Usipotembea huna birika, una bonge.

Na uji ulikuwa umetembea tangu enzi za marehemu baba yake Fundi mpaka kiangazi hiki. Kiangazi hiki bomba la mtaa lilikauka, maji yakaanza kununuliwa kwa dumu, na katika juma hilohilo dada yake Fundi akafika na begi moja na mtoto mmoja, akasema amekuja kupumzika siku chache. Zile siku chache zilikuwa zimeshaota mizizi. Mama Akiba alikuwa akilala chumba kimoja na watoto wake wawili, mumewe na magunia ya udongo, ili wifi yake apate pa kulala.

Wifi huyo ndiye aliyetokea sasa uani, mikono ikichuruzika maji ya kufulia. Walimwita Mwalimu, kwa kuwa alifundisha kemia sekondari mpaka mumewe alipomkataza. Kidole cha shahada cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimepinda na hakikukunjika. Alipofika alisema alianguka. Hakuna aliyemwuliza alianguka wapi.

"Naweza kutazama, wifi?"

"Tazama. Kutazama hakulipiwi."

Mwalimu alishika upawa kwa mkono wa kushoto, akachota, akauinamisha. Bonge lilining'inia, likakataa kuanguka. "Hizi chembe za udongo," alisema, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu aliyesimama mbele ya ubao, "kila moja ina chaji hasi. Zikiwa majini hazitakani. Hii inaisukuma ile, ile inaisukuma hii, ndiyo maana zinateleza. Kazi ya magadi ni kuzisaidia zikae mbalimbali. Zikiganda hivi, maana yake kuna kitu chenye chaji chanya kimeingia kati kinazishikanisha. Kitu cha jamii ya chokaa hivi."

Fundi aliangua kicheko pale mlangoni. "Dada, kama udongo una chaji, nichajie simu yangu basi. Tangu jana imezimika."

Bibi, mama yao, aliyekuwa akichambua maharage kwenye mkeka, naye akacheka mpaka ungo ukatikisika. Mwalimu alitabasamu kidogo, akavumilia. Kisha akageuka. "Wifi, mnatia nini humu siku hizi?"

Neno lile lilimchoma Mama Akiba. Mnatia. Kana kwamba yeye ni mchawi anayetia vitu.

"Natia udongo, natia maji, natia magadi. Ulitaka nitie sukari?"

"Maji ya wapi?"

"Ya dumu. Yaleyale unayokunywa wewe na mwanao, na mnayoyamaliza."

"Mwanangu," Bibi akamwita bintiye, "waachie wenye kazi kazi yao."

Mwalimu aliurudisha upawa pipani, akarudi kwenye nguo zake. Mama Akiba alibaki amekasirika, na zaidi alikasirika kwa kuwa hakuelewa kitu kilichomkasirisha hasa. Alichukua kalibu tupu, akazipeleka nyuma ya karakana, akazisugua kwa brashi ndani ya beseni. Siku hizi zilikuwa zinatoa unga mweupe kwa wingi. Alidhani ni uzee. Maji yalipogeuka kama maziwa yaliyochujwa, alilinyanyua beseni mpaka kifuani, akayamwaga yote ndani ya tangi la karakana, lile walilochotea maji ya kukorogea udongo.

Alifanya hivyo tangu bomba lilipokauka. Hakumwambia mtu, si kwa kuficha, bali kwa kuwa haikuwa habari. Jina la Mama Akiba hakulipata bure. Vipande vya sabuni alivifinyanga vikawa sabuni nzima, na viberiti vikiisha aliwasha jiko kwa moto wa jiko jingine. Maji yaliyoosha kalibu safi, zilizoshika udongo safi, yangekuwa na ubaya gani kurudi kwenye udongo? Kila beseni lililoingia tangini lilimpa raha ndogo, na mwezi ule raha zake hazikuwa nyingi.

*

Mabirika machache yaliyopona walimpelekea mwenye mkahawa wa kona, mteja wao wa miaka. Walimkuta wakati wa chai ya asubuhi, meza zote zimejaa. Mama Akiba alitamani wangekuja wakati mwingine.

Mwenye mkahawa alikuwa mtu wa maneno mengi. Alilichukua birika la kwanza, akaligonga kwa ukucha, akalisikiliza. "Limelia vizuri," alisema, akalijaza chai palepale na kumwinamia mteja wa meza ya karibu. "Bwana mkubwa, wewe ndiye wa kwanza kuzindua."

Aliliinamisha. Chai haikutoka. Akaliinamisha zaidi. Chai ikapita kwenye kifuniko, ikamwagikia meza, gazeti la mteja na goti lake.

Mteja aliruka. Meza ya pili ikaanza kucheka, ya tatu ikafuata. Mwenye mkahawa aliingiza mwanzi wa kunywea soda kwenye mdomo wa birika. Ukaingia kidogo, ukagota. Uji ulikuwa umegandia humo ndani kabla haujamwagwa, ukaziba njia.

"Fundi," alisema, na sasa hakucheka, "hili ni birika au sanamu la birika?"

"Ni hilo moja," Fundi alisema.

Akajaribu la pili. Lilitoa tone, likafikiri, likatoa jingine. Watu walikuwa wamekwisha kugeuza viti ili waone vizuri. Mtu mmoja alisema kwa sauti kwamba birika hilo nalo linahesabiwa maji kwa dumu. Kicheko kilipanda mpaka jikoni, na wapishi wakachungulia.

"Nina harusi ya kuhudumia mwisho wa mwezi," mwenye mkahawa alisema. "Nilikuagizia kwa sababu ya baba yako. Ukiniletea tena viziwi hawa, nanunua ya kiwandani, tusilaumiane."

Walirudi kwa miguu, kila mmoja na kikapu chake. Fundi alitembea mbele, mabega yamepanda, mpaka walipofika kwenye uchochoro wa nyumba yao. Mama Akiba ndiye aliyesema, na hakuwa amepanga kusema.

"Tangu dada yako aje."

Fundi akasimama. "Tangu aje, nini?"

"Sisemi kitu. Nasema tu, tangu aje. Kabla yake uji uligoma lini?"

Alitegemea akemewe. Kukemewa kungemtosha, angenyamaza. Lakini Fundi alikuwa bado anasikia kicheko cha mkahawani masikioni mwake, na mtu aliyechekwa hutafuta wa kumtwika. Aliangalia chini, akahamisha kikapu mkono. "Kweli," alisema polepole. "Na huwa analigusagusa lile pipa."

Jioni hiyo maneno yalimfikia Bibi, na Bibi akayapokea kama mtu aliyekuwa akiyangoja. Kuna mikono haipatani na udongo, alisema. Alikuwa na shangazi wa namna hiyo. Akigusa chungu tu, kinapasuka. Si ubaya wa mtu, ni mkono. Halafu akaongeza kwamba mwanamke aliyeolewa, kwake ni kwa mumewe, na mkwe wake amekuwa akipiga simu kwa adabu kila wiki, akiulizia.

"Tujaribu kwanza," Mama Akiba alisema, akijiona mtu wa haki. "Kesho asilikaribie pipa. Nikoroge peke yangu, tuone."

*

Asubuhi tangi lilikuwa limekwisha kabisa, koki ikitoa hewa tu. Mama Akiba aliliosha pipa, akafungua madumu mawili mapya yaliyoletwa alfajiri, akakoroga. Mwalimu alikaa chumbani na mwanawe, mlango umefungwa, kwa kuwa kaka yake alimwomba hivyo bila kumtazama usoni.

Uji ulitembea. Ulitembea kama zamani, ukateleza kwenye upawa kama hariri, ukaingia kalibuni kimya bila kuacha donge. Fundi alichota, akamwaga, akachota, akamwaga, akicheka peke yake kama aliyeokota pesa. Walimimina kalibu zote. Mabirika yalipotolewa, alipuliza kila mdomo mmoja mmoja, na kila mmoja ukapitisha pumzi.

"Umeona?" Mama Akiba alisema.

"Nimeona."

Mchana Fundi alimpigia simu shemeji yake, mume wa Mwalimu. Aliongea naye nje, mgongo umegeuzwa, akisema ndiyo, ndiyo, kesho kutwa ni sawa, ndiyo shemeji, bila shaka. Mama Akiba alikuwa nyuma ya karakana akisugua kalibu, na kwa furaha aliyokuwa nayo alisugua kwa nguvu, akamwaga beseni moja tangini, na la pili. Muuza maji akaja akalijazia tangi mpaka juu.

Mwalimu alimkuta hapo.

"Mmempigia."

"Kaka yako ndiye amempigia."

"Kwa sababu ya udongo?"

Mama Akiba aliendelea kusugua. "Wifi, mimi sina neno na wewe. Umeona mwenyewe. Nyumba hii haina mahali pengine pa kulia ila pale pipani. Na mume wako, watu wanasema amejirekebisha."

"Watu gani?"

Hakukuwa na watu.

"Mlango wa nyumba ile hufungwa kwa nje," Mwalimu alisema. "Akitoka anafunga, anaondoka na ufunguo. Siku mtoto alipoungua, nilipiga dirisha mpaka jirani akasikia." Alisema kama anavyosema mtu anayemwelekeza mgeni njia, kisha akangoja kidogo, halafu akaondoka. Mama Akiba alibaki na brashi mkononi. Heri asingeniambia, aliwaza, na akamwonea hasira kwa kumwambia.

*

Kesho yake Fundi alitoka mapema kwenda kumweleza mwenye mkahawa kwamba mambo yamenyooka. Mama Akiba akafungua koki ya tangi, akajaza pipa, akatia udongo, akatia magadi, akakoroga. Alikuwa akiimba.

Wimbo ulikatikia kwenye mwiko. Mwiko ulikuwa mzito. Akakoroga zaidi, ukazidi kuwa mzito, na alipouachia ukasimama wima.

Alitazama huku na huku, kama mtu aliyejikwaa hadharani. Mlango wa Mwalimu ulikuwa umefungwa. Asubuhi hiyo haukuwa umefunguliwa hata mara moja. Hakuna mkono ulioligusa pipa ila wake.

Udongo ni uleule, gunia lile la jana. Magadi ni yaleyale. Mtu ni yeye. Alivihesabu vitu hivyo kimoja kimoja, mpaka yakabaki maji. Maji ya wapi? Wifi alikuwa ameuliza. Aliuliza mbele ya watu wote, na yeye akamjibu kwa matusi ya kiungwana.

Alichukua vikombe viwili vilivyokosa mikono. Katika kimoja akatia maji ya dumu, katika kingine maji ya tangi. Akatia udongo sawasawa, akabana magadi kwa ncha za vidole, akakoroga kwa kijiti kimoja. Cha kwanza kiliteleza. Cha pili alikipindua juu ya kiganja chake, na hakikutoa kitu.

Akaingiza mkono ndani ya tangi mpaka kwapani, akapapasa chini. Kulikuwa na tope laini. Akalitoa, akalisugua kati ya vidole, jeupe pe. Plasta. Ule unga wa kalibu, beseni baada ya beseni, akiba yake yote ya kiangazi. Kitu cha jamii ya chokaa.

Mawazo ya kwanza yaliyomjia hayakuwa mazuri, na hakuna haja ya kumsingizia mengine. Aliwaza kwamba kama wifi asingekuja na mtoto wake, maji yasingebanwa namna ile, kwa hiyo chanzo bado ni wifi. Wazo hilo alilizungusha kichwani kama pipi, likaisha utamu upesi. Kisha akawaza juu ya Fundi, na kicheko kile cha mkahawani, na jinsi kitakavyogeuka na kumwelekea yeye. Mama Akiba, mwenye kuweka akiba, ndiye aliyeua kazi ya nyumba. Mtaa mzima ungekula na kushiba kwa habari hiyo. Mwisho akawaza kuhusu chumba. Kesho chumba kingekuwa wazi. Angelala tena na miguu imenyooka.

Aliuhamishia uji ulioganda kwenye ndoo, akaufunika kwa gunia nyuma ya tanuri. Akakoroga mwingine kwa maji ya dumu. Fundi aliporudi aliukuta unatembea, akamshika bega mkewe na kusema, "Mkono wako huu." Ilikuwa miezi tangu amshike bega. Mama Akiba akajiambia kwamba atamweleza wakati wa chakula. Wakati wa chakula watoto walikuwepo. Baada ya chakula Bibi alikuwepo.

Jioni Mwalimu alifunga begi lake. Zipu ilikuwa mbovu, na kidole chake kilichopinda hakikuweza kubana. "Wifi," aliita kutoka chumbani, "nishikie hapa." Mama Akiba akaenda, akazishika pande mbili za begi, akazivuta zikutane, na Mwalimu akaivuta zipu kwa mkono wa kushoto mpaka mwisho.

"Asante," alisema Mwalimu.

*

Mume wa Mwalimu alifika asubuhi, shati limepigwa pasi, sauti ya chini. Alimletea Bibi blanketi jipya na mtoto pakiti ya biskuti. Mtoto alikwenda kusimama nyuma ya pipa na hakutoka. Mgeni alipewa kiti kizuri, akakaa nusu yake, magoti pamoja, akaulizia kazi, watoto, afya ya kila mtu. Ungemwona ungesema ni mtu wa kukopeshwa bila mdhamini.

Mwalimu alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, begi mapajani.

"Nimesikia amewaharibia kazi," mgeni alisema. "Mnisamehe sana. Mikono yake ndivyo ilivyo, mama. Hata kwangu vyombo vilikuwa vinamponyoka, mpaka nikamfundisha."

Alisema akitabasamu. Hakuna aliyetabasamu naye. Macho ya Fundi yalikwenda kwenye mkono wa dada yake, juu ya begi, na kidole kile kilichopinda. Yakatoka haraka, yakaenda kwenye dari. Bibi aliacha kulipapasa blanketi.

Mama Akiba alisimama, akatoka. Aliporudi alikuwa na vikombe viwili visivyo na mikono.

"Baba watoto, tazama." Akaviinamisha vyote viwili juu ya ndoo. Kimoja kilimwagika. Kingine kilikaa kimya. "Hiki ni maji ya dumu. Hiki ni maji ya tangi. Nilikuwa namwaga tangini maji ya kuoshea kalibu. Ni plasta. Siyo mkono wa mtu. Ni mimi."

"Mama watoto," Fundi alisema chini kwa chini, "mambo ya kazi baadaye. Tuna mgeni."

"Mgeni tulimwita kwa sababu ya mambo ya kazi."

Fundi alikichukua kikombe kilichoganda. Hakuweza kujizuia, alikuwa fundi. Alikipindua, akakipiga kitako, akakitia kidole. Mgeni alikohoa kwa adabu.

"Basi vizuri," alisema, "kosa ni la maji. Namshukuru Mungu. Lakini mimi sikuja kununua vikombe, shemeji, nimekuja kumchukua mke wangu. Mlinipigia wenyewe."

Hilo ndilo lililompandisha Mama Akiba hasira kuliko yote. Alikuwa amedhani ukisema kweli, kweli itafanya kazi yenyewe, kama magadi. Kumbe ilikaa pale katikati ya chumba na hakuna kilichosogea. Fundi aliona haya kumrudisha mtu aliyemwita. Bibi alikuwa na blanketi. Na yule bwana alikuwa ameshaanza kunyanyuka.

"Haendi," alisema.

"Mama watoto..."

"Nani alisema aondoke? Si mimi? Basi nasema abaki. Mlango unaofungwa kwa nje, mimi simpeleki mtu. Nilijua hilo tangu juzi nikanyamaza, na haya ya maji nikayanyamazia jana kutwa. Nimechoka kunyamaza. Unataka kunipiga, nipige, lakini haendi."

"Nani kazungumza habari ya kupiga?" mgeni aliuliza, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilipanda.

Mtoto, nyuma ya pipa, alijifunika masikio. Bibi alimwona. Aliondoka mkekani kwa shida, akilisaidia goti lake kwa mkono, akalikunja blanketi mara mbili, mara nne, akalisawazisha pembe, akalipeleka kitini.

"Chukua, mwanangu," alimwambia mkwewe. "Hapa hakuna baridi."

Fundi aliweka kikombe chini. "Nilikupigia kwa kosa, shemeji," alisema. Hakusema kwa ushujaa. Alisema akiangalia viatu vyake, lakini alikwenda akasimama mlangoni, upande wa begi.

Mgeni alitazama nyuso zao, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetaka kuzikumbuka. Alichukua blanketi. Akafika uani, akarudi, akachukua na biskuti.

*

Ilibaki kazi ya tangi. Mama Akiba aliifungua koki mwenyewe mbele ya watu, na maji ya kununua, tangi zima, yakaanza kukimbia uani na kuingia mtaroni. Majirani walitoka kutazama. Mmoja alimwuliza kama amepatwa na wazimu. Aliinama akalisafisha tangi kwa ndani, akatoa tope jeupe kwa viganja, na kila kiganja kilimuuma.

Fundi hakumsema, na kutosemwa huko kulimkera kuliko kusemwa. Alijua yatakuja tu, pengine mbele ya wageni, pengine kama utani wa miaka mingi.

Mwalimu alikuwa amekaa palepale mlangoni, begi chini sasa. Alimtazama akifanya kazi mpaka maji yakapungua.

"Wifi," alisema hatimaye. "Ulijua jana wakati gani?"

"Asubuhi."

"Begi nilifunga jioni."

"Ndiyo."

"Ukanishikia."

Mama Akiba alijinyoosha. Maji yalimchuruzika kutoka kwenye viwiko. Alitafuta neno, na maneno yote aliyonayo yalikuwa ya kubana matumizi, hakukuwa na hata moja la kutoa. "Wifi, nisamehe," alisema, na yalisikika madogo hata masikioni mwake.

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, kama anayepokea daftari la mwanafunzi ili alisahihishe baadaye. Akalilaza begi mapajani, akaanza kuivuta zipu kwa mkono wa kushoto. Ilikwama. Akajaribu na ule wa kulia, kidole kikateleza.

Mama Akiba aliifuta mikono kwenye kanga, akapiga hatua kumwendea.

"Mama," Mwalimu alimwita bintiye wa miaka minne, "njoo umsaidie mama kufungua."

Mtoto akaja. Aliishika zipu kwa mikono yote miwili, akakaza uso, akavuta. Haikufunguka. Akavuta tena. Mama Akiba alisimama hapohapo uani, mikono mikavu, akingoja, na hakuna aliyemwita.